Gwynfor Evans (1912-2005): Mkulima wa nyanya aliyeipigania lugha yake

Nchi na lugha yake

Welisi, ambayo sisi tuliosoma kwa Kifaransa tumezoea kuiita Pays de Galles, ni nchi ndogo ya milima na mabonde iliyo upande wa magharibi wa Uingereza. Lugha yake ya asili, Kiwelisi, si lahaja ya Kiingereza hata kidogo. Ni lugha ya jamii ya Kikelti, ndugu wa Kibretoni kinachosemwa kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Ina maandishi ya kale, na Biblia nzima ilichapishwa kwa lugha hiyo tangu 1588.

Lakini mwaka 1536 sheria ya mfalme Henry wa Nane iliiunganisha Welisi na Uingereza, ikaagiza kwamba kazi za mahakama zifanywe kwa Kiingereza na kwamba asiyejua Kiingereza asipewe cheo cha serikali. Tangu hapo Kiwelisi kikawa lugha ya nyumbani, ya shambani na ya kanisani. Katika karne ya 19 zilikuwako shule ambamo mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivikwa kipande cha mti shingoni, naye alikivaa mpaka amnase mwenzake katika kosa lile lile. Hesabu ya watu ya 1911 ilionyesha kwamba wenye kusema Kiwelisi walikuwa asilimia 43 na zaidi kidogo ya wakaaji wote. Hesabu ya 1961 ilionyesha asilimia 26 tu. Kati ya hesabu hizo mbili ndipo yalipopita maisha ya mtu tunayemweleza hapa, hadi alipokaribia umri wa miaka hamsini bila kupata ushindi wowote mkubwa.

Utoto na masomo

Gwynfor Evans alizaliwa tarehe 1 Septemba 1912 katika mji wa Barry, bandari ya kusini iliyotajirika kwa kusafirisha makaa ya mawe. Baba yake, Dan Evans, alikuwa mfanyabiashara mwenye duka kubwa mjini. Ilikuwa familia ya watu wa kanisa, wa madhehebu ya Kiprotestanti ambayo huko huyaita Waindependenti, yaani makanisa yasiyo chini ya askofu. Nyumbani lugha iliyotumika ilikuwa Kiingereza, maana Barry ulikuwa mji wa wageni wengi na biashara, na wazazi wengi wa wakati ule waliona kwamba Kiingereza ndicho ufunguo wa maisha.

Kwa hiyo mtu ambaye baadaye angehatarisha maisha yake kwa ajili ya Kiwelisi hakukinyonya kwa maziwa ya mama. Alikijifunza kama sisi tunavyojifunza lugha darasani, akiwa kijana wa sekondari, kwa vitabu na kwa mazoezi. Jambo hili linastahili kukumbukwa, kwani linaeleza mengi ya tabia yake. Alijua kwamba mtu anaweza kunyang'anywa lugha ya wazee wake bila kupigwa wala kufungwa, kwa sababu tu hakuna aliyeona haja ya kumpa. Alijua pia kwamba mtu huyo anaweza kuirudia.

Alisomea sheria katika chuo cha Aberystwyth, kisha Oxford. Huko Oxford, katikati ya Uingereza yenyewe, ndiko alikoanzisha tawi la chama cha Plaid Cymru, maana yake Chama cha Welisi. Chama hicho kilikuwa kimezaliwa mwaka 1925 katika mji wa Pwllheli, na kiongozi wake mashuhuri alikuwa mwandishi Saunders Lewis. Kilikuwa chama kidogo cha walimu, wachungaji na waandishi, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuiokoa lugha. Mwaka 1936 Lewis na wenzake wawili walichoma moto majengo ya kiwanja cha mazoezi ya ndege za vita kilichokuwa kikijengwa na serikali mahali paitwapo Penyberth, wakafungwa gerezani miezi tisa.

Vita, nyanya na uongozi wa chama

Gwynfor alipokea shahada ya uwakili mwaka 1939, lakini hakuwa wakili kwa muda mrefu. Vita vya pili vya dunia vilipoanza alikataa kushika silaha. Yeye alikuwa mpenda amani kwa imani ya dini yake, na mahakama iliyosikiliza shauri lake ilimsamehe utumishi wa jeshi bila kumwekea sharti lolote. Wengi walimchukia kwa ajili hiyo. Kijana asiyepigana wakati ambapo majirani wanazika watoto wao hawezi kutegemea kupendwa.

Akahamia Llangadog, kijiji cha wilaya ya Carmarthen, akaanza kulima nyanya katika nyumba za vioo. Mwaka 1941 alimwoa Rhiannon Prys Thomas, wakapata watoto saba, nao wote walilelewa kwa Kiwelisi. Lugha iliyokatika katika kizazi kimoja ikaunganishwa tena katika kizazi kilichofuata, kwa uamuzi wa baba na mama waliokubaliana hivyo. Kazi ya nyanya haikumtajirisha, lakini ilimpa uhuru wa kufanya siasa bila kuogopa bwana yeyote wa kumfukuza kazi.

Mwaka 1945 alichaguliwa kuwa rais wa Plaid Cymru, naye akakaa katika cheo hicho miaka 36, hadi 1981. Ukubwa wa chama wakati ule hauwezi kulinganishwa na ukubwa wa kazi iliyokingoja. Aligombea ubunge katika jimbo la Merioneth mara baada ya mara, akashindwa kila mara. Mwaka 1949 aliingia katika baraza la wilaya ya Carmarthen, na humo pia mara nyingi alikuwa peke yake mbele ya kundi kubwa la chama cha Labour. Aliketi, akasikiliza, akasoma makaratasi yote, akasema neno lake kwa upole, kisha akarudi nyumbani kwa safari ndefu ya usiku. Hakuwa msemaji wa kelele, bali mtu mrefu, mwenye adabu na sauti ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Wapinzani wake waliuona upole huo kuwa udhaifu.

Kijiji kilichozamishwa

Jambo lililowazindua Wawelisi wengi lilitokea katika bonde la Tryweryn, upande wa kaskazini. Jiji la Liverpool, lililo Uingereza, lilitaka maji. Likachagua kulijaza bonde hilo maji ili kufanya bwawa, na ndani ya bonde kulikuwa na kijiji cha Capel Celyn chenye kanisa, shule, posta, makaburi na mashamba. Wakaaji wake wote walisema Kiwelisi. Mnamo Novemba 1956 Gwynfor alifuatana na wanakijiji, wazee kwa watoto, kwenda kuandamana katika barabara za Liverpool.

Jiji halikuomba ruhusa kwa baraza lolote la Welisi. Lilipeleka mswada wake moja kwa moja kwa bunge la London, na mwaka 1957 ukawa sheria. Kati ya wabunge 36 wa Welisi, hakuna hata mmoja aliyeupigia kura ya ndiyo, lakini mswada ulipita. Hilo ndilo somo lililobaki moyoni mwa watu: wawakilishi wa nchi nzima wanaweza kukataa kupitisha jambo, na jambo likapita vilevile. Bwawa lilifunguliwa rasmi mwaka 1965.

Gwynfor mwenyewe hakutoka salama katika shauri hilo. Vijana wa chama walimlaumu kwamba alitumia barua na maandamano mahali ambapo walitaka vitendo vikali. Wengine walilipua mitambo. Yeye alishikilia kwamba taifa linalojengwa kwa damu litazaliwa na ugonjwa. Kwa upande mwingine, mwaka 1962 Saunders Lewis alitoa hotuba katika redio akionya kwamba Kiwelisi kingekwisha mapema katika karne ya 21 kama hali haikubadilika, naye alitaka lugha itangulie mbele ya uchaguzi. Kutokana na hotuba hiyo vijana walianzisha shirika la kutetea lugha kwa kuvunja sheria bila kudhuru mtu. Hivyo kiongozi wa Plaid Cymru alijikuta katikati: kwa serikali alikuwa mtu wa fujo, kwa vijana alikuwa mzee wa kungoja.

Ushindi wa Julai 1966

Tarehe 31 Machi 1966 ulifanyika uchaguzi mkuu. Chama cha Labour cha waziri mkuu Harold Wilson kilipata ushindi mnono. Katika jimbo la Carmarthen mbunge alikuwa Bi Megan Lloyd George, binti wa David Lloyd George aliyekuwa waziri mkuu wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Alikuwa mgonjwa wakati wa kampeni, hata hivyo alichaguliwa tena kwa kumzidi Mliberali aliyemfuata kwa kura 9,233. Gwynfor alikuwa wa tatu, akiwa na kura 7,416, kama asilimia 16. Kwa hesabu hizo hakuna mtu mwenye akili timamu angemwekea dau.

Tarehe 14 Mei Bi Megan alifariki, na uchaguzi mdogo ukapangwa tarehe 14 Julai. Labour walimsimamisha Gwilym Prys-Davies, mwanasheria msemaji wa Kiwelisi na mtu wa heshima. Kwa hiyo haikuwa vita kati ya mzalendo na mgeni. Wote wawili waliipenda nchi yao. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alibeba mzigo wa serikali iliyokuwa madarakani, na mwingine hakubeba.

Mzigo huo ulikuwa mzito kuliko Labour walivyofikiri. Machimbo ya makaa ya mawe yalikuwa yakifungwa na watu kupoteza kazi. Njia za reli za mashambani zilikuwa zimekatwa, hata ile ya kutoka Carmarthen kwenda Aberystwyth ilikuwa imefungwa kwa wasafiri mwaka uliotangulia. Wakulima wadogo waliona kwamba London haiwajui. Bwawa la Tryweryn lilikuwa jipya bado, na jeraha lake pia. Tena uchaguzi mkuu ulikuwa umekwisha kuamua nani atatawala, kwa hiyo mtu aliyekuwa akiogopa kuupoteza ushindi wa Labour angeweza sasa kupiga kura ya moyo wake bila kuwaingiza Wahafidhina serikalini. Huu ndio utaratibu wa chaguzi ndogo mahali pengi: mpiga kura haundi serikali, anaikemea.

Kisha kulikuwa na mtu mwenyewe. Kwa miaka 17 Gwynfor alikuwa diwani wa wilaya ile ile. Wapiga kura walimfahamu kwa mkono aliowapa na kwa barua alizowaandikia kuhusu barabara na shule. Vijana walioingia kazi ya kampeni walienda nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, wakikuta milango ambayo yeye alikuwa amekwisha kuigonga zamani. Haba na haba hujaza kibaba.

Kura zilihesabiwa usiku. Umati ulikuwa umejaa katika uwanja wa mbele ya jumba la mji wa Carmarthen, na matokeo yalipotangazwa yalikuwa haya: Gwynfor Evans kura 16,179, Prys-Davies wa Labour 13,743, Mliberali 8,650, Mhafidhina 2,934. Tofauti ilikuwa kura 2,436. Kutoka asilimia 16 mnamo Machi alikuwa amefika karibu asilimia 39 mnamo Julai. Kwa mara ya kwanza tangu kuundwa kwake, miaka 41 nyuma, Plaid Cymru kilikuwa na mbunge. Watu walilia, wakaimba, wakambeba mabegani.

Peke yake bungeni

Alipofika Westminster aliomba kula kiapo kwa Kiwelisi. Akakatazwa. Alikula kwa Kiingereza, lakini ombi lenyewe lilikuwa limesikika, na raia wengi waliuliza kwa nini mwakilishi wa Wawelisi asiweze kuapa kwa lugha ya Wawelisi. Mwaka 1967 bunge lilipitisha sheria mpya ya lugha iliyompa kila mtu haki ya kusema Kiwelisi mahakamani katika nchi ya Welisi. Sheria hiyo ilikuwa imetayarishwa kabla ya ushindi wake na haikutosha, lakini ilianza kuondoa yale yaliyowekwa mwaka 1536.

Maisha ya bungeni yalikuwa magumu. Wabunge wa Labour kutoka Welisi walimwona kama mwivi aliyeingia nyumbani mwao, na wengine walimdhihaki waziwazi. Yeye alijibu kwa njia aliyoizoea: aliuliza maswali ya maandishi, mamia kwa mamia, juu ya kazi, barabara, hospitali na shule za Welisi, kisha chama chake kikachapisha majibu ya serikali. Kwa njia hiyo watu walipata tarakimu za nchi yao ambazo hakuna aliyekuwa amezikusanya pamoja. Mwanzoni mwa 1968 alijaribu hata kusafiri hadi Vietnam pamoja na kundi la wapenda amani, lakini hawakupewa viza, wakaishia Kambodia.

Ushindi wa Carmarthen uliwasha moto mahali pengine. Mwaka 1967 katika Rhondda West, na mwaka 1968 katika Caerphilly, majimbo ambamo Labour walikuwa wamezoea kushinda kwa kura maelfu kwa maelfu, Plaid Cymru kilikaribia sana kushinda. Mnamo Novemba 1967 wazalendo wa Uskoti walishinda Hamilton. Serikali ya Wilson ilishtuka, na mwaka 1969 iliunda tume ya kuchunguza katiba na namna ya kuyapa mataifa hayo mabaraza yao.

Kuanguka, kurudi, kuanguka

Mwaka 1969 Charles, mwana wa malkia, alitawazwa kuwa mwana wa mfalme wa Welisi katika ngome ya Caernarfon. Gwynfor hakuhudhuria. Sherehe ilipendwa na wengi, na mabomu ya kikundi kidogo cha vijana yaliwatia watu hofu, hata chama chake kililaumiwa ingawa hakikuhusika. Mwaka 1970 alipoteza kiti. Mnamo Februari 1974 aligombea tena, akashindwa kwa kura 3 tu. Kura tatu, katika jimbo la makumi ya maelfu ya wapiga kura! Hakulalamika. Mnamo Oktoba mwaka huo huo alirudi bungeni kwa tofauti ya kura 3,640, na safari hii alikuwa na wenzake wawili wa chama.

Pigo kubwa kuliko yote lilikuja tarehe 1 Machi 1979, sikukuu ya Mtakatifu David, msimamizi wa Welisi. Siku hiyo Wawelisi waliulizwa kama wanataka baraza lao wenyewe. Walikataa, wanne dhidi ya mmoja. Miezi miwili baadaye Gwynfor alipoteza kiti chake, wala hakuwa mbunge tena. Alikuwa na umri wa miaka 66, na watu wa nchi yake walikuwa wamemwambia kwa sauti kubwa kwamba hawataki alichowatafutia maisha yake yote.

Mgomo ambao haukuanza

Wengine wangestaafu. Lakini serikali mpya ya Margaret Thatcher ilikuwa imeahidi, kabla ya uchaguzi, kuwapa Wawelisi chaneli ya televisheni kwa lugha yao, kisha ikaiacha ahadi hiyo. Kwa Gwynfor hili halikuwa jambo la burudani. Televisheni ilikuwa imeingia katika kila nyumba, na mtoto aliyefundishwa Kiwelisi na mama yake alikuwa akilelewa jioni nzima na sanduku linalosema Kiingereza. Wafuasi wapatao elfu mbili waliahidi kukataa kulipa kodi ya televisheni. Mnamo Mei 1980 yeye alitangaza kwamba kuanzia tarehe 6 Oktoba hatakula chakula mpaka ahadi itimizwe au mpaka afe.

Ni lazima tuseme kwamba hata rafiki zake waligawanyika. Wengine waliuliza kama mpenda amani anaweza kuilazimisha serikali kwa kifo chake. Wengine walimfikiria Rhiannon na watoto. Yeye aliona kwamba hamwumizi mtu mwingine, na kwamba taifa lililovunjika moyo mwaka 1979 lilihitaji kuamshwa. Majira yale ya joto alizunguka nchi nzima akihutubia mikutano iliyojaa watu. Alitimiza miaka 68. Kila aliyemjua aliamini kwamba hatanii, na hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa. Ujumbe wa wazee watatu wenye heshima, mmoja wao askofu mkuu wa Welisi, ulikwenda London kumweleza waziri wa mambo ya ndani hatari iliyokuwako. Tarehe 17 Septemba 1980 serikali ilirudi nyuma. Chaneli ya Kiwelisi, iitwayo S4C, ilianza kutangaza tarehe 1 Novemba 1982.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1981 aliacha uongozi wa chama. Aliendelea kuandika vitabu vya historia ya nchi yake, kazi aliyoianza zamani, maana aliamini kwamba watu wasiojua historia yao hawawezi kuitetea lugha yao. Tarehe 18 Septemba 1997 Wawelisi waliulizwa tena lile swali la 1979. Safari hii walijibu ndiyo, kwa tofauti ya kura 6,721 tu katika nchi nzima, na mwaka 1999 baraza la kwanza lilianza kukutana Cardiff. Mzee alikuwa hai kuliona. Hesabu ya watu ya 2001 ilionyesha wasemaji wa Kiwelisi kuwa karibu asilimia 21. Kwa karibu miaka mia moja asilimia hiyo ilikuwa ikishuka kila hesabu, na sasa ilikuwa imepanda.

Gwynfor Evans alifariki nyumbani kwake Pencarreg tarehe 21 Aprili 2005, akiwa na miaka 92. Jiwe la ukumbusho wake limesimamishwa Garn Goch, kilima chenye ngome ya kale karibu na Llangadog alikolima nyanya.

Mtu akihesabu chaguzi zake atakuta alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Ushindi wa 1966 wenyewe ulidumu miaka minne tu. Lakini kabla ya usiku ule chama chake kilikuwa cha kuchekwa, na baada yake hakuna serikali ya London iliyoweza kuchukulia kwamba Wawelisi watanyamaza. Na kwetu sisi tunaosoma lugha, maisha haya yanafundisha kwamba hatima ya lugha haiamuliwi na wataalamu wa sarufi peke yao. Inaamuliwa pia mahakamani, katika sanduku la kura, mbele ya televisheni, na mezani pa familia, pale baba na mama wanapochagua lugha ya kusema na mtoto wao. Gwynfor alizikuta sehemu zote nne zimefungwa. Alipofariki, kila moja ilikuwa imefunguliwa kiasi.